Kikombe cha Kwanza: Pombe za Jadi na Malezi ya Vijana

Methali isemayo "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" imefundishwa katika shule zetu kwa miaka mingi, nasi wengi twaikumbuka kuwa ni onyo kwa mtu anayelewa sifa. Ni nadra mwalimu kusimama na kuuliza swali jingine lililojificha ndani yake: ni nani aliyetambua kwamba tembo lile limetiwa maji? Hapana shaka palikuwapo mnywaji ambaye ulimi wake ulikwisha kufundishwa. Alijua tembo la asubuhi lina ladha gani, la jioni lina ukali gani, na la kesho yake humfanya nini mtu asiyelizoea. Mtu huyo hakuzaliwa na elimu hiyo. Alifundishwa na watu, kwa mpango na kwa wakati wake.

Insha hii yahusu mafunzo hayo. Kijana wa kale alipofikia umri wa kuonja pombe, hakuachwa ajichagulie. Jamii ilimchagulia kinywaji, siku, chombo, na watu wa kuketi nao. Kijana wa leo huchagua peke yake, mbele ya kaunta, mfukoni mna fedha kidogo na nyuma yake mna rafiki asiyejua zaidi yake. Nitajaribu kueleza jinsi tulivyotoka huko tukafika hapa. Sina nia ya kumshawishi mtu anywe. Nataka tufahamu ni kitu gani kilichopotea, na kama tunaweza kuweka kingine mahali pake.

Kwanza tuzitazame pombe zenyewe, maana kila nchi ilinywa kile ilichokilima. Katika pwani, mgema hupanda mnazi na kotama yake, akalikata karara changa na kufunga chombo cha kukinga utomvu. Utomvu huo ukishuka asubuhi huitwa tembo tamu, na ukikaa kutwa huwa tembo kali. Mkoani Kagera, ndizi zilizoivishwa hukanyagwa pamoja na majani katika chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, na maji yake yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha ikapatikana rubisi. Wapare wana dengelua ya miwa. Wanyakyusa wana kimpumu, ambayo watu huizunguka na kuinywa kwa mirija. Nchi za nyuki zina wanzuki itokanayo na asali. Ng'ambo ya mpaka, Wakikuyu wa Kenya wana muratina, nayo ni ya asali pia, ikichachushwa kwa tunda la mti wa mwegea. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita katika nchi yetu miaka ya 1857 hadi 1859, alieleza habari za pombe ya nafaka katika kitabu chake cha mwaka 1860. Basi mambo haya si ya jana.

Katika orodha hiyo yote, kinywaji cha kwanza cha mtoto hakikuwa pombe. Kilikuwa togwa. Mama alipika uji mwepesi, akaupoza, akautia unga wa kimea, yaani nafaka iliyolowekwa ikachipua, ikaanikwa na kusagwa. Kimea huuvunja ule wanga wa uji na kuufanya sukari, ndiyo sababu togwa ni tamu bila kutiwa kitu. Ikiachwa kidogo huanza kuwa na uchachu. Mtoto aliyekunywa togwa mbichi leo, na yenye uchachu kesho, alikwisha kuanza kujifunza bila kujua kwamba anafundishwa: kinywaji hubadilika kadiri saa zinavyopita, na utamu wa mwanzo hauonyeshi nguvu ya mwisho. Jina lile lile la chungu laweza kuwa na kitu kisicho na madhara asubuhi, na kitu cha kuangusha mtu usiku.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kutumikia kabla ya kunywa. Chukua mfano wa mbege ya Wachaga wa Kilimanjaro. Kuipika ni kazi ya siku kadhaa. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu, zikaachwa zichachuke, kisha zikachujwa. Ulezi huchipuzwa, hukaushwa na kusagwa, ukapikwa uji wake na kupozwa. Gome la mti uitwao msesewe hutiwa ili kuleta ule uchungu unaokata utamu wa ndizi. Halafu vyote huchanganywa na kuachwa hadi vichemke vyenyewe bila moto. Katika kazi hiyo yote vijana walihitajiwa: kukata mikungu, kuchanja kuni, kuteka maji, kubeba vyungu. Lakini kata ilipoanza kuzunguka barazani, kijana hakuwa na nafasi katika duara. Alisimama nyuma, akangoja kutumwa.

Watu wa leo wakisikia hayo husema kwamba wazee walikuwa wachoyo. Yamkini uchoyo ulikuwapo. Hata hivyo, kusimama nyuma kulikuwa darasa. Kijana aliona kwamba mpishi huonja kwanza, ili wote wajue kuwa chungu ni salama. Aliona kwamba kata ya kwanza ina mwenyewe, na kwamba baadhi ya pombe humwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Aliona mzee fulani anayeishusha kata mapema na kuaga, na mwingine anayebaki hadi maneno yakamtoka asiyoyakusudia. Kesho yake asubuhi alisikia jinsi kila mmoja wao anavyotajwa kijijini. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kijana hakuhesabiwa miongoni mwa wanywaji mpaka alipooa na kuwa na nyumba yake. Alipofikia siku hiyo, alikwisha kuhudhuria darasa kwa miaka kumi na zaidi.

Mimi mwenyewe nilionjwa darasa hilo nikiwa nimechelewa. Mwaka 1994 nilipelekwa kikazi wilayani Njombe, karani kijana asiyejua baridi wala ulanzi. Ulanzi ni utomvu wa mianzi. Wakati wa mvua mwanzi mchanga hukatwa ncha, ukafungwa chombo cha mwanzi huo huo kiitwacho mbeta, na mkulima huupitia asubuhi na jioni akiukata tena kidogo ili utomvu usikauke. Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mzee mtulivu. Jumamosi moja aliniita uani, naye alikwisha kupanga vikombe viwili juu ya kigoda.

"Baba, hiki ni cha leo alfajiri," aliniambia. "Hiki kingine ni cha juzi. Anza na cha leo, unywe nusu, halafu tuzungumze mpaka jua lifike pale kwenye mti. Ukiwa bado waliona jua ni moja, utaonja cha juzi kwa kijiko."

Nilicheka, naye hakucheka. Kile cha alfajiri kilikuwa kitamu kama maji ya miwa. Tulizungumza habari za mashamba, za shule ya wanawe, na za barua niliyokuwa nikimwandikia mama yangu. Jua lilipofika mtini nilionja kile cha juzi, ambacho wenyeji hukiita mkangafu, na nikafahamu kwa nini kilitolewa kwa kijiko. Aliniuliza kama nimekula. Nilipojibu kwamba bado, aliondoa vikombe vyote viwili na kumwita mkewe alete ugali. "Pombe haitangulii chakula," alisema. "Na mgeni haachwi arudi peke yake." Chumba changu kilikuwa hatua ishirini kutoka pale, lakini alinisindikiza hadi mlangoni.

Katika adhuhuri moja mzee yule alinifundisha mambo matano: kuanza na kilicho hafifu, kujua umri wa kinywaji, kutanguliza chakula, kungoja kabla ya kuongeza, na kutokuwa peke yako. Hakuna hata moja lililoandikwa mahali. Aliyapokea kwa wakubwa wake, nao kwa wakubwa wao.

Hata hivyo si haki kuyapamba mambo ya kale yakang'aa kuliko yalivyokuwa. Pombe ilipikwa na wanawake katika sehemu nyingi, na heshima ya kuigawa ikawa ya wanaume. Nafaka iliyoingia chunguni katika mwaka wa mvua haba ilikuwa nafaka iliyotoka midomoni mwa watoto. Wapo wazee waliolewa wakapiga wake zao, na cheo chao kikawakinga wasiulizwe. Kadhalika, katika pwani yenye Uislamu wa karne nyingi, na katika madhehebu kadhaa ya Kikristo, wapo watu wengi walioishi umri wao wote bila kuonja, nao hawakupungukiwa na chochote cha utamaduni. Mpishi wa pwani asiyekunywa kabisa aliweza kulitumia tembo kuumulia unga wa mkate wake. Kwa hiyo tunapoyasifu malezi ya kikombe cha kwanza, tunausifu utaratibu uliomlinda kijana. Ulevi hatuusifu.

Sasa tuone jinsi utaratibu huo ulivyovunjika. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka mipaka juu ya biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaendeleza jambo hilo. Yako mema katika makatazo hayo, kwa sababu mapipa ya pombe kali kutoka Ulaya yalikwisha kuleta madhara makubwa katika pwani ya magharibi ya bara letu. Lakini sheria zilizotungwa chini ya mikataba hiyo zilimpima mtu kwa rangi. Mzungu aliachiwa chupa yake, na Mwafrika akahesabiwa kuwa mtoto asiyekua. Huko Kenya, Waafrika waliruhusiwa kununua bia ya chupa mwaka 1947, na Tanganyika nayo ilikuwa na vizuizi vya namna hiyo vilivyolegezwa kidogo kidogo kabla ya Uhuru.

Wakati huo huo viwanda vilikuwa vikikua. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na Tanganyika Breweries ikafuata Dar es Salaam mwaka 1933; baada ya miaka michache makampuni hayo mawili yakawa chini ya jina moja la East African Breweries. Mijini serikali za mitaa zilifungua vilabu vya pombe na kukusanya mapato yake. Tazama basi mabadiliko yaliyotokea. Zamani pombe ilipikwa kwa ajili ya arusi, mavuno, matambiko au kazi ya ujima, na ilipokwisha ilikwisha. Kilabuni pombe iliuzwa kila siku, kwa yeyote mwenye senti. Kijana aliyepata mshahara wa mwezi hakuhitaji tena ruhusa ya mzee. Pengine mzee ndiye aliyemngojea kijana amnunulie.

Tena kile kilichokatazwa kwa sababu ya rangi kikapata utukufu kisichostahili. Mtu aliyezuiwa chupa kwa miaka mingi, siku ile ilipofunguliwa aliishika kama cheti cha utu wake. Hapo likazaliwa jibu jipya kwa swali la zamani. Swali la kijana aanze na kinywaji gani halikujibiwa tena kwa nguvu ya kinywaji wala kwa umri wa mnywaji. Lilijibiwa kwa cheo: bia ya chupa ni ya mstaarabu, na mbege, ulanzi, komoni na kangala ni "za kienyeji". Neno hilo, ambalo maana yake ni jema, likawa tusi.

Chini ya vyote hivyo ilikuwapo gongo, ambayo huitwa pia moshi, pombe iliyokenekwa kwa siri porini na kandokando ya mito. Jirani zetu wa Kenya huiita chang'aa. Katazo liliifanya iwe ya kujificha, na kitu cha kujificha hakionjwi mbele ya watu. Mpishi wake hakai akainywa kwanza mbele ya wateja kama mpishi wa mbege. Huuza na kukimbia.

Baada ya Uhuru nchi yetu ilijaribu kulishika jambo hili. Mwaka 1966 ilitungwa sheria ya kusimamia utengenezaji wa moshi, na mwaka 1968 sheria ya vileo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilileta kiwanda cha bia chini ya mamlaka ya umma. Konyagi ikatengenezwa hapa hapa nchini. Zabibu zilizopandwa Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka, zikatupatia mvinyo wetu wenyewe. Mwaka 1993 kiwanda cha bia kiliingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini, na tangu hapo chupa, matangazo na bei vimebadilika mara nyingi. Vinywaji vikawa vingi, na wa kumwongoza kijana wakazidi kuwa wachache.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo sikupata kuliandika kabla ya leo. Mwaka 1987 tulimaliza mtihani wa kidato cha nne. Usiku ule wavulana saba tulikusanyika nyuma ya jengo lisilokwisha, na mmoja wetu alileta chupa ya gongo. Hakuna kati yetu aliyepata kuketi katika duara la wazee. Hatukuwa tumekula. Hakuna aliyejua nguvu ya kile kilichokuwamo, wala kilipikwa lini, wala na nani. Tulijua kitu kimoja, kwamba anayetema si mwanamume. Mwenzetu aliyekuwa wa kwanza darasani kwa hesabu alikunywa zaidi yetu sote, maana alikuwa mdogo kwa umbo na alitaka tumheshimu. Tulidhani amelala. Tulimbeba kwa toroli hadi zahanati, na kulipopambazuka alikwisha kufariki.

Nimeeleza kwamba miaka saba baadaye mzee wa Njombe aliniwekea vikombe viwili juu ya kigoda. Sasa msomaji atafahamu kwa nini sikucheka mara ya pili.

Yeye aliyefariki alikuwa bingwa wa hesabu, na hesabu ambayo ingemwokoa ni nyepesi. Bia ya kawaida ina kilevi cha takriban asilimia 5. Chupa ya mililita 500 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Mvinyo huwa kati ya asilimia 11 na 14. Pombe iliyokenekwa huwa asilimia 35, 40, au zaidi. Mfuko mdogo wa pombe kali wa mililita 100, uliojulikana kama kiroba, ukiwa na asilimia 35, ulikuwa na mililita 35 za kilevi, yaani kupita chupa nzima ya bia, na mwanafunzi aliweza kuumaliza kwa funda chache akiwa njiani. Serikali yetu iliipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Ama gongo ya kificho, haina kipimo chochote. Tena wapo wauzaji wanaochanganya methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Katika mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo.

Wazee hawakuwa na asilimia wala mililita, lakini utaratibu wao uliifuata hesabu hiyo hiyo: kutoka togwa hadi kilicho hafifu, kutoka kilicho hafifu hadi kikali, na katikati miaka ya kungoja. Elimu ya kisasa haikuwakanusha. Imewathibitishia waliyoyajua kwa macho.

Wako watakaosema kwamba mambo haya hayafai kutajwa mbele ya wanafunzi. Nawaheshimu, lakini nauliza: aliyetajiwa nani kwetu, sisi saba wa mwaka 1987? Walimu wetu walituambia kwamba pombe ni mbaya, wakaishia hapo. Hawakutuambia kwamba gongo si sawa na bia, kwamba anayekoroma huku haamki si mtu aliyelala, kwamba mtu wa namna hiyo hulazwa kwa ubavu na kukimbizwa kwa mganga bila kuogopa adhabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkinga aliye chini ya miaka 18 asiuziwe kileo, na ni vyema iheshimiwe. Ila sheria humlinda kijana mpaka siku ile anapotimiza miaka hiyo. Asubuhi inayofuata huwa mtu mzima mbele ya kaunta, na kama hakufundishwa, ni mtoto yule yule wa jana.

Kwa hiyo mwalimu anayesoma insha hii anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa babu na bibi zao, wakaulize: hapa kwetu kilinywewa nini, nani alikipika, nani alinyimwa, na kwa nini? Watarudi na historia ya mazao, ya kazi za wanawake, ya ujima na ya ukoloni, yote katika chungu kimoja. Watarudi pia na adabu ya kungoja. Na yule atakayeamua kutoonja maisha yake yote, naye aelezwe kwamba ana jamaa wengi, wa kale na wa sasa, na kwamba hana deni kwa mtu.

Nafunga kwa beti moja niliyoitunga kwa ajili ya mwenzetu yule, ambaye jina lake nalihifadhi:

Kikombe kina mlezi, hakinywewi peke yake,
Walisema na wazazi, kila jambo siku yake,
Asojua yake ngazi, asipande juu yake,
Asoonja ni azizi, hapungui utu wake.